Anren, Sichuan: jumba la kabaila na makumbusho ya Fan Jianchuan, nenda kote kuwili siku moja

Wadau mlioko China, hasa nyie wa huku Chengdu, kila likizo ikikaribia watu wanauliza twende wapi na majibu ni yale yale, panda, hotpoti, picha za mjini usiku, basi. Mi naomba niwape sehemu nyingine kabisa. Kama unataka kuielewa China ya miaka mia hii iliyopita, kuanzia makabaila, uje kwa Mao, uje kwenye foleni za kuponi hadi hii ya maghorofa na kulipa kwa simu, nenda Anren. Ni kamji kadogo wilaya ya Dayi, kilomita kama 40 hivi magharibi ya Chengdu, na pana vitu viwili vikubwa: jumba la Liu Wencai na makumbusho ya Jianchuan. Usichague kimoja. Nenda vyote viwili, na anza na jumba.

Liu Wencai alikuwa kabaila kweli kweli, hapo hakuna wa kubisha. Alizaliwa 1887, mdogo wake Liu Wenhui na ndugu yao Liu Xiang ni majenerali waliokuwa wanagombania Sichuan enzi zile kila mwenye jeshi anajitawala, na yeye Wencai kazi yake ilikuwa kukusanya kodi na kusimamia biashara ya afyuni upande wa Yibin, akatajirika vibaya sana, akarudi kwao Anren akajenga hili jumba, ua ndani ya ua, milango ya mbao iliyochongwa, unatembea unapotea. Akajenga na shule pia, ipo mpaka leo. Alikufa Oktoba 1949, mwezi ule ule Mao aliotangaza Jamhuri ya Watu, kwa hiyo hakuwahi kupelekwa mbele ya mkutano wa wanakijiji kuhukumiwa kama makabaila wengine. Ila jina lake ndo likapelekwa mbele ya nchi nzima. Jumba likageuzwa makumbusho mwishoni mwa miaka ya 50 na Liu Wencai akawa ndo sura ya kabaila katili kwa kila mtoto wa shule China.

Sasa ndani ya jumba kuna vitu viwili usivipite haraka. Cha kwanza ni ule ua wa kukusanyia kodi ya mashamba. Mwaka 1965 wachongaji wa chuo cha sanaa cha Sichuan pamoja na mafundi wa kienyeji walitengeneza sanamu 114 za udongo, saizi ya mtu mzima, wakazipanga humo humo kwenye ua ambao wakulima walikuwa wanaleta mpunga wao. Unaanza na watu wanaoingia na mizigo mabegani, unafika kwenye kupepeta, kupima, halafu kuhesabu deni, halafu wanaoburuzwa, mpaka mwisho wale waliokunja ngumi. Vikapu ni vya kweli, vyombo vya kupepetea ni vya kweli, na macho wamewekea vioo vyeusi kwa hiyo ukisimama pembeni ya yule mzee aliyeinama unaona kabisa anakutazama. Kazi ya mikono imeenda shule hii, mi nilisimama pale muda mrefu sana na nitasema wazi kwamba sijawahi kuona sanamu zinazonyanyua hasira ya mtu namna ile. Na ndo ilikuwa kazi yake. Nakala zikapelekwa Beijing, watu wakapanga foleni, na 1966 Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya miaka kumi ya kuwasaka "maadui wa mapinduzi", yakaanza na vijana wakiwa tayari wamefundishwa kuchukia. (Msanii Cai Guo-Qiang alizirudia sanamu hizi kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, 1999 akapata tuzo ya Simba wa Dhahabu, na waliozitengeneza mwanzo walilalamika sana.)

Cha pili ni kile chumba cha chini. Kwa miaka mingi watu walioneshwa kama jela ya maji, kwamba Liu Wencai alikuwa anawafungia wakulima humo wamezama kiunoni, na kuna mama alizunguka nchi nzima akisimulia alivyofungwa humo. Mwishoni mwa miaka ya 80 wenyewe watu wa makumbusho wakachunguza wakasema jela ya maji haikuwepo, kile kilikuwa stoo ya afyuni. Stoo tu! Afyuni yenyewe si dhambi ndogo jamani, imeua watu wengi, unyonyaji ulikuwepo, kodi ilikuwepo, wakulima walikufa njaa mbele ya maghala yaliyojaa, kwa nini basi iongezwe hadithi ya kutunga juu ya mabaya ya kweli? Ndo swali nililotoka nalo pale, na linaniuma, kwa sababu hadithi kama hizi hazikubaki hewani. Sheria ya kugawa ardhi ilitoka 1950, makabaila waliouawa kwenye ile kampeni wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu na wapo wanahistoria wanaosema wanapita milioni, na watoto wao na wajukuu wao wakabeba lile jina la tabaka kwenye mafaili, likaamua nani asome, nani aolewe na nani, nani apigwe, mpaka 1979 serikali ilipoanza kulifuta. Kijana aliyezaliwa baada ya ardhi kugawiwa, hajawahi kumiliki hata kitalu, anaitwa kabaila.

Sisi wa Tanzania tuliokua tunasikia makabaila, mabepari, mirija na kupe kwenye nyimbo za mchakamchaka, pale unasikia kabisa kitu unachokijua, ila unaona pia kwamba kwetu maneno yalibaki zaidi kwenye nyimbo.

Toka hapo, kula tambi za pilipili mjini (ni za moto, usijifanye shujaa), halafu ingia Jianchuan. Hii ni makumbusho binafsi, na sio jengo moja, ni mtaa mzima wa kumbi, zaidi ya ishirini. Mwenye nayo ni Fan Jianchuan, mzaliwa wa Yibin 1957, alikuwa mwanajeshi, akawa naibu meya kwao, akaacha kazi ya serikali akaingia kwenye kujenga na kuuza nyumba, akapata hela nyingi, na hela yote akaimwaga kununua takataka za historia. Takataka nasema kwa heshima: barua, daftari za kukiri makosa, beji, vikombe, saa, kadi za uanachama, vitu ambavyo watu walikuwa wanavitupa miaka ya 80 na 90 kwa sababu hakuna aliyetaka kuvikumbuka. Alianza kukusanya akiwa mtoto, baba yake aliposhambuliwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, akaokota makaratasi yaliyomsema baba yake ili aelewe kosa lake lilikuwa nini. Milango ilifunguliwa 2005.

Kumbi za vita dhidi ya Japani ni nzuri na ni jasiri. Kwa miaka mingi China bara ilisimuliwa kama vile wakomunisti peke yao ndo walipigana, Fan akajenga ukumbi mzima wa jeshi la Kuomintang (chama kilichoitawala China kabla ya wakomunisti) ambalo ndo lilibeba mapigano makubwa ya mstari wa mbele, na ukumbi wa jeshi la Sichuan, mkoa uliotoa askari zaidi ya milioni 3. Nje kuna uwanja wa viganja, vioo virefu vimesimama na kila kioo kina alama nyekundu za viganja vya wazee waliopigana vita ile. Pima kiganja chako na cha mmojawapo, vingine vina vidole pungufu.

Lakini kilichonipeleka mimi ni kumbi za Enzi Nyekundu, ndo wanavyoiita miaka ya Mao. Ukumbi wa saa, beji na mihuri umechorwa na Liu Jiakun, msanifu wa Chengdu aliyepata Pritzker 2025, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo, wa matofali, na kwenye saa unazungukwa na saa za enzi ile na karibu zote zina maneno ya Mwenyekiti Mao. Vyombo vya kaure, birika, vazi, kikombe cha mswaki, vyote vina Walinzi Wekundu (vijana wa Mao) au jua linachomoza. Ukumbi wa vioo vya kujitazamia nao ni vile vile, vioo ambavyo watu walikuwa wanapeana zawadi ya harusi, kwa hiyo bibi harusi akijitazama asubuhi anaona uso wake na kauli mbiu. Mi nilielewa hapo kuliko kwenye maelezo yoyote ya ukutani. Siasa ilikuwa hadi bafuni. Sisi tulipokuwa tunasema zidumu fikra za Mwenyekiti tulikuwa tunasema mkutanini halafu tunarudi nyumbani, hapa nyumbani penyewe hapakuwepo pa kurudi.

Wazee wetu wa duka la kaya na foleni za sukari wangetaka kuona kuponi. Kuponi za nafaka zilianza 1955, zikaja za mafuta ya kula, nguo, hadi baiskeli, na bila kuponi hata ukiwa na hela hununui. Karatasi yenyewe ndogo kama stempu. Mama mmoja wa Kichina mtu mzima pembeni yangu alikuwa anamwonesha mwanae iliyo nyuma ya kioo, anamwambia hii ya mafuta ukiipoteza mwezi mzima mnakula chakula kikavu, na binti wa watu amelipia tiketi kwa simu, anatikisa kichwa tu. Kuponi za nafaka zilifutwa 1993, sio mbali hata kidogo. Na mageuzi yaliyozifuta mengine yalianzia mkoa huu huu, wilaya ya Guanghan, 1980, tarafa ya Xiangyang walishusha kibao cha komuni (kilimo cha pamoja cha kijamaa) kabla ya mtu mwingine yeyote nchini.

Kwenye ukumbi wa vijana waliopelekwa vijijini kaa kimya kidogo. Kati ya 1968 na 1980 vijana wa mjini milioni 16 hivi walipelekwa kulima, wengi shule ikaishia hapo. Kuna kumbukumbu ya mabinti 10 waliokufa kwa moto Yunnan mwaka 1971. Nikawaza kwamba mwaka huo huo Wachina wengine walikuwa Mlimba na Makambako wanatupasulia milima ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860, wale mainjinia tuliokuwa tunawaona wapole wamevaa suti zao zinafanana, makwao shule zimevurugwa na wadogo zao wako mashambani, na hawakutuambia neno.

Kinachokosekana nakisema pia maana mapitio bila hili si mapitio. Njaa ya 1959 hadi 1961, iliyotokana na Hatua Kubwa Mbele, ule mpango wa Mao wa kukimbiza kilimo na viwanda, iliua makumi ya mamilioni ya watu, na Sichuan ndo mkoa uliopoteza watu wengi zaidi, tena mkoa wenye rutuba. Sikuona ukumbi wake. Kumbi za Enzi Nyekundu zina vitu vingi na maelezo machache, waliopigwa hadi kufa huwaoni sana. Ba Jin, mwandishi mkubwa mzaliwa wa Chengdu, aliomba mwaka 1986 yajengwe makumbusho ya Mapinduzi ya Utamaduni ili yasirudi, na yale ya Shantou yaliyojengwa kwa michango na kufunguliwa 2005, kufikia 2016 yalikuwa yamefunikwa kwa mabango. Kwa hiyo simlaumu Fan kirahisi. Kuhifadhi vikombe milango ikabaki wazi ni kazi, na kikombe kikishakuwepo anayejua kukisoma atakisoma. Mimi naipa 9 kwa 10, na ile moja iliyobaki ni ya wale wa njaa.

Ya matumizi sasa. Beba pasipoti, weka hela kwenye programu ya malipo, weka na ya kutafsiri maandishi kwa kamera, vaa viatu vya kutembea kwa sababu kumbi zimeachana. Usijaribu kumaliza zote, chagua za vita mbili, za Enzi Nyekundu tatu, na ule wa tetemeko la Wenchuan la 12 Mei 2008 lililoua watu karibu 70,000. Huo ni mzito, wenye watoto wadogo wauruke, ingawa watoto watapenda habari za yule nguruwe aliyekaa siku 36 chini ya kifusi akatoka hai, Fan akamnunua akamtunza hapo makumbusho mpaka alipokufa 2021.

Walioko Chongqing, Fan ana tawi lingine huko tangu 2018, liko kwenye mahandaki ya zamani ya kujikinga na mabomu. Sijafika. Aliyefika atuambie tuanze na ukumbi gani.