Mwaka mmoja na robo na programu mpya ya bajeti: tathmini ya mhasibu

Nimeitumia programu hii ya kupanga na kusimamia bajeti ya kampuni kwa msimu mmoja kamili wa bajeti na robo mwaka zaidi, na sasa naamini naweza kuizungumzia kwa haki. Jina lake naliacha, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza, mazuri kwa mabaya, yanazihusu programu zote za aina hii, na pia kwa kuwa sehemu ya lawama ni yetu sisi tulioinunua. Hukumu yangu ni kwamba inafaa, ila kampuni itakayoinunua kabla ya kusafisha leja yake, yaani daftari lake kuu la hesabu, itataabika kwa miezi.

Tulikotoka ni Excel. Sina nia ya kuibeza, maana tangu VisiCalc, mtangulizi wa Excel, ilipotoka mwaka 1979, lahajedwali (programu za majedwali ya hesabu) ndizo zilizowapa wahasibu uhuru wa kukokotoa wenyewe bila kupanga foleni kwa watu wa kompyuta, na uhuru huo hauachiliwi kirahisi. Tatizo letu lilikuwa idara 14, kila moja na faili yake, na faili kuu iliyozivuta zote pamoja kwa fomula. Msimu mmoja mkuu wa idara aliongeza mstari mmoja katikati ya jedwali lake ili aonyeshe gharama za mafunzo, na kuanzia hapo faili kuu ikawa inasoma mafunzo mahali pa pango na pango mahali pa bima. Jumla ilikuwa sahihi, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka hadi siku ya kikao cha bodi. Sisi tuliponea kwenye aibu tu, ilhali kampuni ya umeme ya TransAlta ya Kanada ilipoteza dola milioni 24 za Marekani mwaka 2003 kwa kosa la kunakili na kubandika katika lahajedwali ya zabuni.

Programu mpya haina faili za kutumiana. Takwimu zote zinakaa katika hifadhidata moja, na kila namba inajulikana kwa akaunti yake, idara yake, mwezi wake na toleo lake la bajeti. Wazo lenyewe si geni, kwani TM1, programu ya mipango ya fedha ambayo leo iko mikononi mwa IBM, ilikuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1980. Kilichobadilika ni kwamba sasa mfumo unakaa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, na idara ya fedha inaweza kuubadilisha yenyewe bila kumsubiri mtaalamu.

Sehemu iliyonishawishi zaidi ni ya mishahara. Zamani tuliandika jumla ya mwaka kwa kila idara, kisha tukabishana. Sasa kila nafasi ya kazi ina mstari wake wenye tarehe ya kuanza, daraja, posho na makato ya mwajiri, na gharama nyingine zinazoambatana na mtu mpya, kama kompyuta na leseni za programu, zinafuata tarehe hiyo hiyo. Nilikaa na mkuu wa idara mmoja aliyekuwa ametakiwa kupunguza matumizi. Alisogeza nafasi mbili kutoka Julai hadi Oktoba, na pale pale akaona mshahara, makato na ununuzi wa vifaa vikishuka na kuhamia robo ya mwisho, na mtiririko wa fedha ukibadilika chini ya skrini. Zamani swali hilo lingenichukua siku mbili. Vilevile, ukibofya namba yoyote unaona ni nani aliyeibadilisha, lini, na ilikuwa kiasi gani kabla. Kwa hilo peke yake ubishi wa vikao vyetu umepungua sana.

Taabu ilikuwa kwenye kuingiza data. Namba za vituo vyetu vya gharama, yaani sehemu za kampuni ambazo matumizi yake huhesabiwa peke yake, huanza na sifuri, na mmoja wetu alizifungua kwenye Excel kabla ya kuzipakia, Excel ikaifuta sifuri ya mbele, 0412 ikawa 412. Programu haikulalamika. Iliyatupa matumizi hayo katika kapu la “kituo kisichojulikana”, jumla ya kampuni ikaendelea kulingana na leja kuu, na karakana ikaonekana kama haijatumia chochote kwa wiki tatu. Naliona hilo kuwa kosa la usanifu: mfumo wa fedha unapaswa kuikataa namba usiyoitambua na kutoa taarifa, si kuimeza kimya. Baada ya hapo tulilazimika kuipitia orodha nzima ya akaunti, tukakuta mamia ambayo hayajaguswa kwa miaka, mengine yakiwa na majina ambayo hakuna aliyekumbuka maana yake. Kazi hiyo ilitakiwa itangulie mkataba.

Kasoro ya pili ni leseni, zinazolipiwa kwa kila mtumiaji. Ili kubana matumizi tuliwapa wakuu wa idara pekee, tukawaacha manaibu wao, ambao kwa kweli ndio wanaoandaa bajeti. Manaibu wakarudi kwenye Excel zao, wakuu wakawa wanazichapa namba kwa mkono ndani ya mfumo, na maelezo ya jinsi zilivyopatikana yakabaki nje. Uzuri wote nilioueleza hapo juu unapotea hapo. Jioni ya siku ya mwisho ya kuwasilisha mfumo nao huelemewa na kurasa huchelewa kufunguka, na ripoti za kupeleka kwa bodi bado tunazipamba kwingine.

Anayefikiria kununua aulize pia masharti ya kuondoka na data yake. Programu hizi hubadilisha wamiliki mara kwa mara: Hyperion ilichukuliwa na Oracle mwaka 2007, Adaptive Insights na Workday mwaka 2018, na Anaplan na kampuni ya uwekezaji ya Thoma Bravo mwaka 2022. Mmiliki mpya anaweza kuja na bei mpya, na bajeti za miaka mitano zilizofungiwa ndani ya mfumo ni mateka. Sisi tulidai kifungu cha kupakua data zote, pamoja na historia ya mabadiliko, na tukajaribu kuzipakua kabla ya kutia saini.

Mkataba wetu tumeuhuisha. Tumeongeza leseni za manaibu, tumeondoa moduli ya utabiri wa mauzo ambayo hakuna aliyewahi kuifungua, na upakiaji wa kila mwezi sasa hautangazwi kuwa umekamilika mpaka kapu la vituo visivyojulikana lisome sifuri.