Mavazi ya Jukwaani Msimu wa Joto: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, mwanamuziki wa Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam au Mombasa hupanda jukwaani shati likiwa limeshalowa. Mchana joto hupita nyuzi 30. Usiku, ambao ndio wakati wetu wa kazi, hewa hubaki nzito kwa unyevu na jasho halikauki. Tamasha la muziki la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, huwa Februari, katikati ya msimu huohuo. Harusi nazo ni chini ya turubai, taa zinawaka, watu wamejaa hadi pembeni.

Na bado bendi nyingi huchagua sare kwa kutazama picha. Zinanunuliwa suti za kung'aa, mshono mmoja kwa wote, kuanzia mwimbaji hadi mpiga dram. Msimamo wangu ni huu: nunueni jora moja la kitambaa kizuri, kisha kila mtu ashonewe kulingana na chombo anachopiga. Mtapendeza kama kundi moja, na hakuna atakayezimia. Orodha ifuatayo nimeipanga kwa kufuata hilo.

Kwanza, jua unanunua nyuzi gani

Muuzaji atakwambia kila kitu ni pamba. Omba kipande kidogo cha pindo, chomoa nyuzi chache, ziwashe nje ya duka. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha jivu jepesi linalosagika vidoleni. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Ukikuta jivu na kidonge kwa pamoja, huo ni mchanganyiko. Muuzaji akikataa kukupa nyuzi, dondoshea kitambaa tone la maji: pamba hulinywa, poliesta hulipakata juu. Kitenge kipya chenye wanga kinaweza kukudanganya kwa kipimo hiki cha maji, kwa hiyo moto ndio wa kuaminika zaidi.

Kisha kiinue kwenye mwanga. Kitambaa kinachopenyeza mwanga kidogo katikati ya nyuzi hupitisha upepo pia.

Namba 1: pamba nyepesi (shati, kanzu au gauni)

Poplini nyepesi ya pamba tupu naiweka juu ya vyote. Hunywa jasho, hupitisha hewa, hufulika kwa mkono usiku na asubuhi imekauka, na hakuna fundi asiyeijua. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: ikishalowa chapachapa hukawia kukauka na hugandia mgongoni. Ndiyo maana mshono uwe wa nafasi. Mwambie fundi aache upana kwapani na mgongoni, asikushonee shati la kubana hata kama ndiyo mtindo. Na ununue mawili. Fedha ya suti moja nzuri kwa kawaida hutosha mashati kadhaa pamoja na ufundi, na mwanamuziki aliyebadilisha shati wakati wa mapumziko anarudi jukwaani kama mtu mpya.

Kwa wanaume wa taarab, kanzu ya pamba juu ya kikoi inashinda kila kitu. Hewa huingia kwenye pindo la chini, hupanda ndani ya vazi na kutokea shingoni, bila mkanda kuizuia kiunoni. Ila kuwa makini na kanzu zilizoshonwa tayari. Nyingi ni za poliesta, na sifa wanayokutajia, kwamba haikunjamani, ndiyo dalili yenyewe.

Namba 2: Kaunda suti isiyo na bitana

Vazi hili linabeba jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na sielewi kwa nini bendi changa zimeliachia wazee. Lina kola iliyo wazi, mikono mifupi na mifuko ya kutosha, wala halihitaji tai au shati la ndani. Linakupa heshima ya suti kwa tabaka moja la kitambaa. Mteja anayetaka wanamuziki wake waonekane nadhifu ataridhika, na mpiga gitaa atakuwa na mkono huru.

Masharti ni mawili. Kitambaa kiwe cha pamba au kitani, si kile kizito cha suruali za ofisini. Na uende ukasimame mbele ya fundi umwambie kwamba hutaki bitana, yaani kitambaa cha pili cha ndani, na kwamba kile kitambaa cha gundi cha kukazia akiweke kwenye kola na ukanda wa vifungo tu. Wengi hukijaza kifua kizima ili koti likae vizuri. Litakaa vizuri kweli, lakini umevaa blanketi.

Namba 3: kitani cha mtumba

Kwa joto peke yake, kitani kingekuwa cha kwanza. Hukauka upesi kuliko pamba, na kwa kuwa kina ugumu kidogo hakigandi mwilini. Kimeshuka kwa sababu kipya ni ghali, na vingi vinavyouzwa kwa jina hilo vimechanganywa. Kitani cha kweli kwa bei ya watu kiko kwenye mitumba: Karume kwa Dar es Salaam, Gikomba kwa Nairobi. Soma lebo ya ndani. Ukiona "linen", "lin", "lino" au "Leinen" na asilimia 100, chukua. Ukiona poliesta imechukua nusu, rudisha kwenye rundo.

Huwezi kupata sare ya watu wanane kwenye mtumba, kwa hiyo hili ni chaguo la mwimbaji au mpiga solo. Kinakunjamana, hilo halina dawa. Kibebe kwenye hanga na ukivae mwishoni kabisa.

Namba 4: kitenge na kanga

Uzuri wao ni maua. Michoro huficha madoa ya jasho kuliko rangi yoyote tupu, na kundi zima huonekana kwa mbali. Lakini kitenge cha pamba mara nyingi ni kizito, na siku hizi kuna vitenge vingi vya poliesta. Ukikishika kinateleza kama mfuko wa plastiki. Shati la kanga ni jepesi zaidi, na doti moja ina vipande viwili. Biashara Street ya Mombasa na Darajani ya Unguja utachagua hadi uchoke.

Fua mara mbili kabla ya kuvaa, wanga utoke na rangi ichuje. Kitenge kipya kikikutana na jasho hutoa rangi, na rangi hiyo huhamia kwenye mkanda wa gitaa na kwenye nguo ya mwenzako mliyekumbatiana naye baada ya shoo.

Namba 5: dera

Waimbaji wa kike wanalijua vizuri zaidi yangu: dera la rayoni ni laini, ni baridi mwilini, na huchezesha upepo ukitembea. Nimelishusha kwa sababu za kazi. Rayoni ikilowa hupoteza nguvu, na mshono wa kwapa huachia katikati ya wimbo. Uvute kwa vidole kabla ya kulipa. Pili, halina pa kuweka betri ya maikrofoni isiyo na waya. Mwambie fundi ashone mfuko wa ndani wenye ukanda kiunoni. Mfuko mwingine uwe wa tunzo, maana watu wakianza kuja kukutunza hutaki kushika noti mkono mmoja na maikrofoni mwingine. Tatu, upunguze urefu uone vidole vya miguu, kwa ajili ya ngazi za jukwaa.

Namba 6: fulana za michezo

Hii ni poliesta, lakini imefumwa kwa ajili ya jasho, nyepesi na yenye vitundu. Haipendezi harusini na hushika harufu. Hata hivyo kwa mpiga dram, mpiga tumba na wapiga ngoma wanaofanya kazi ya misuli muda wote, ningeipandisha hadi namba 2. Avae isiyo na mikono ndani, juu yake shati la sare lililoachwa wazi vifungo.

Mwisho: suti yenye bitana, satini na vitambaa vya mawe ya kung'aa

Hivi viwe vya ukumbi wenye kiyoyozi tu. Bitana ya poliesta hufunga joto pale pale mwili unapotaka kulitoa. Najua taarab ya sasa inadai kumeremeta, na mwimbaji ana haki ya kumeremeta. Basi mng'ao uwekwe kifuani, kwenye mtandio na kwenye pindo. Mgongo na kwapa vishonwe kwa pamba ya rangi ileile. Fundi mzuri atafanya hivyo na hadhira haitajua.

Mshono ufuate chombo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mpiga udi asivae satini wala kitambaa chochote cha kuteleza. Tumbo la udi ni la duara, litamponyoka mapajani na atakesha akilivuta. Mpiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, asiwe na mikono mipana inayoning'inia, kwa sababu itafagia nyuzi. Akivaa kanzu, mkono uishie juu ya kifundo au ukunjwe na kubanwa kwa kifungo. Mpiga fidla anahitaji kola laini iliyolala, bila kifungo kigumu pale chombo kinapokaa, na leso ya pamba ya kuweka kati ya shingo na mbao. Jasho huharibu rangi ya chombo polepole, na fidla ni ghali kuliko nguo.

Mpiga kodiani ndiye ninayemhurumia zaidi. Chombo kimemfunika kifua chote, mikanda imembana mabegani, hana pa kutolea joto ila mgongoni. Mshonee shati lenye mgongo mpana wa pamba nyepesi kuliko sehemu nyingine. Mbele pasiwe na kitambaa kilicholegea, kwa sababu mifuo ikifunga hukibana.

Wapiga gitaa waangalie vifungo vya chuma na bizimu la mkanda, vinavyokwaruza mgongo wa gitaa. Mikono iwe mifupi, na kitambaa kikavu kiwe karibu cha kufutia nyuzi baada ya kila kipande. Jasho lina chumvi na nyuzi hushika kutu. Wa tarumbeta wajaribu shati wakiwa wameinua mikono. Likipanda hadi kitovuni, halifai.

Rangi

Kijivu na buluu ya mbingu huonyesha kila tone, usizinunue kabisa. Nyeusi na buluu iliyoiva huficha jasho na zinafaa usiku, lakini kwa shoo ya mchana juani hunyonya joto. Nyeupe ni nzuri juani na haionyeshi doa la jasho, ila iliyo nyembamba sana ikilowa huonyesha mwili, hasa chini ya taa. Ijaribu kwa maji nyumbani kwanza.

Kichwani na miguuni

Kofia ya kiua iliyoshonwa kwa mkono ina vitundu vidogo vinavyopitisha hewa; ile ya kiwandani iliyozibwa ndani kwa plastiki haina faida hiyo. Kwa wanaojitanda, pamba au jezi (kitambaa cha kunyumbuka) nyepesi ya pamba, si shifoni ya poliesta, ambayo pia hukwaruza maikrofoni ya kichwani ikisogea. Viatu viwe vya ngozi, vya wazi pale itifaki inaporuhusu. Wenye kukanyaga pedali wavae soli nyembamba, waihisi pedali chini ya mguu.

Loweka kitambaa cha pamba usiku mzima, kianike, ndipo ukipeleke kwa fundi. La sivyo kitajivuta baada ya kushonwa. Kipeleke wiki tatu kabla ya shoo, na mapema zaidi Idi au Krismasi ikikaribia, maana mafundi hujaa. Siku ya kujaribu nenda na chombo chako, ukae pale kwenye benchi la fundi upige wimbo mzima, huku naye akitazama mahali nguo inapobana.