Indiketa ya mishale: nimelipa 80,000, mishale inahama!

Wadau, sitaki kuanza na matusi ingawa sababu ninazo. Ni ile indiketa, yaani kifaa cha kuchora ishara kwenye chati ya bei, ya MetaTrader 4 (programu ya kununua na kuuza dhahabu na sarafu mtandaoni): mshale wa bluu nunua, mwekundu uza, kuna jamaa anaiuza Telegramu kwa sh. 80,000. Picha za chati anazotupia huko ni tamu mno. Bei ya dhahabu ikigusa chini kabisa, mshale wa bluu uko palepale. Ikifika kileleni, mwekundu. Haikosei hata mara moja.

Haikosei kwa sababu inasubiri majibu yatoke ndipo inajaza mtihani.

Jioni moja soko la New York limeshafunguliwa, niko kwenye dhahabu, chati ya dakika 15, yaani kila mshumaa unaonyesha mwendo wa bei wa dakika 15. Mshale wa bluu ukatokea, alamu ikalia, mshumaa ukafunga. Nikanunua. Bei ikaporomoka. Kurudi kutazama chati, mshale haupo! Umeibuka mishumaa kadhaa mbele, chini zaidi, umetulia utadhani ulizaliwa hapo. Mimi stopu losi, ile bei niliyoiweka ya kukata hasara, imeshaliwa.

Nikafungua mipangilio yake: 12, 5, 3. Anayeijua ZigZag ameshaanza kucheka. Hizo ni namba za ZigZag inayokuja bure ndani ya MetaTrader yenyewe. Kazi yake ni kuunganisha vilele na mabonde ya bei. Bonde la mwisho likivunjwa, mstari unahamia bonde jipya. Kwa kusomea chati ya nyuma haina ubaya wowote. Huyu bwana kaivisha mishale na king'ora, katoa faili la ex4 ili msimbo usisomeke, kisha anaiita signali.

Nikamtumia video ya skrini, kwa adabu zote: "Kaka, mshale umehama." Akajibu kwa sauti, nyuma muziki unapiga: "Hata RSI inacheza, bro. Tatizo ni saikolojia yako. Kama huna moyo kauze maandazi."

Kwanza maandazi yana faida, tena ya kila siku. Pili, RSI aiache, hiyo ni indiketa ya kupima nguvu ya mwendo wa bei. Mbunifu wake, Welles Wilder, aliitoa mwaka 1978, kanuni yake iko hadharani, na inacheza pale tu mshumaa wa sasa haujafunga. Ukifunga, namba yake imeganda. Huu mshale wake ulihama mshumaa ukiwa umefunga kitambo. Nikamwandikia hivyohivyo. Akanitoa kwenye grupu.

Haya, nisimnyime haki yake. Alamu inalia kwa wakati, rangi haziumizi macho, na anayejifunza kusoma vilele na mabonde itamsaidia kidogo. Nilishapanga kuipa nyota mbili. Mlio nayo, iwekeni kwenye Strategy Tester, sehemu ya MetaTrader ya kujaribia kwa bei za nyuma, washeni hali ya kuona chati ikitembea, punguzeni kasi, mtajionea wenyewe mishale ikiruka bila kuhitaji maneno yangu.

Sasa juzi mdogo wangu kaniletea tangazo la jamaa huyohuyo: toleo jipya, "mishale haihami", sh. 120,000. Yaani anakubali kwamba ile ya kwanza ilikuwa inahama! Na sisi tuliokwishalipa? Tulipe upya, bei kamili, hakuna hata punguzo. Zile nyota mbili nazifuta. Arudishe hela yangu kwanza, nyota tutaziongelea baadaye.