Betri ya pili kwenye gari la kulala safarini: gereji ya rewaya (umeme wa magari), Unga Limited

Kwa anayefungiwa betri ya pili kwenye Land Cruiser ya kulala safarini, gereji hii ya Arusha inastahili sifa kwa jambo moja kubwa: wanauheshimu waya wa ethi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na bodi ya gari. Rangi ya chesisi inakwanguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha bolti ya milimita 8 na washa ya meno, inakazwa, halafu grisi juu. Mafundi wengi hufunga juu ya rangi. Matokeo yake friji inafanya kazi ukiendesha, ukizima injini inakata, na betri isiyo na kosa inatupwa.

Kabla hujalipa, omba kipimo hiki. Friji ikiwa inanguruma, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Ikizidi volti 0.2, ethi ni mbovu. Kisha injini iwashwe: betri ya pili isome angalau 13.8. Ikibaki 12.5, angalia fyuzi na relei (swichi inayounganisha betri mbili).

Waya wao wa kuunganisha betri mbili ni wa shaba halisi, milimita 16 za mraba, unatosha.

Kasoro ni fyuzi, kwani wanaweka upande wa betri ya injini tu. Waya ule unapata umeme kutoka pande zote mbili! Sisitiza fyuzi ya pili, ampea 60, isizidi sentimita 20 kutoka betri ya pili. Mtikisiko wa barabara za hifadhini hulegeza bolti. Ukirudi wanazikaza bure.