Parallel Lines ya Blondie, hii chukua nzima nzima

Wiki nzima santuri hii haijatoka kwenye mashine yangu, jamani Debbie Harry anaimba! Kwanza tuelewane, Blondie sio yeye, Blondie ni bendi, humu wapo sita, ila ukiiona kava utajua kwa nini watu wanachanganya: wanaume watano ndani ya suti nyeusi wanachekacheka, yeye katikati na gauni jeupe, mikono kiunoni, kanuna.

Kinachonigusa mimi ni umri. Hii imetoka 1978 dada ana miaka 33, tayari alishaimba kwenye bendi ya folk iliyotoa albamu 1968 wala haikufika popote, akawa sekretari ofisi ya BBC New York, akahudumia wateja pale Max's Kansas City, klabu ya New York, ndo 1974 yeye na Chris Stein mpiga gitaa wakaanzisha Blondie wakawa wanapiga CBGB, klabu ya panki hukohuko New York. Yote hayo yamo kwenye sauti. Wimbo wa kwanza simu inalia tu, hapohapo kashaingia, na kwa hasira. One Way or Another ilitokana na mwanaume aliyekuwa anamfuatilia kweli kweli, yeye akageuza kibao, humu ndani mwindaji ni yeye, na anavyobana yale maneno mpaka nywele zinasimama.

Heart of Glass iko upande wa pili, ya nne. Baada ya magitaa yote yale unasikia dramu ya mashine inatikitatikita halafu anapanda na ile sauti nyembamba, tulivu, kaumizwa lakini halii. Mwaka 1979 ikashika namba moja Marekani na Uingereza, watu wa panki, ile rock ya fujo walikotokea Blondie, wakanuna eti wamekimbilia disko. Mi naona walikosea sana, mwanamke huyuhuyu ndo alirap kwenye Rapture, wimbo mwingine wa Blondie, 1981 ikawa namba moja Marekani.

I'm Gonna Love You Too imenipita tu, kufuata baada ya Heart of Glass ni kuionea. Ila Fade Away and Radiate, na gitaa la Robert Fripp wa bendi ya King Crimson, zima taa ndo usikilize.

Nakala yangu ya mtumba ina mkwaruzo kwenye Pretty Baby, na muuzaji aliniapia ni safi, kwa hiyo igeuzegeuze kwenye mwanga kabla hujatoa hela. Ule mkusanyo wao wa 1981 una hiti nyingi zaidi, sawa, ila mi ningeanza na hii.