Regyuleta ndogo tatu kwa friji moja: miezi minane nikizitumia hapa Nakuru

Wale tunapika bia nyumbani karibu wote tulianza hivi, mtungi mmoja wa gesi ya CO2 (ile inaleta povu kwa kinywaji), regyuleta moja ya kushusha presha yake, halafu paipu inagawanywa na kiungo cha T kwenda kila kegi, yaani kila pipa la kinywaji. Nilikaa hivyo mwaka mzima na nikachoka kabisa, juu kegi zikiwa kwa laini moja zinapata presha moja utake usitake, na kwa friji yangu kuna bia ya kawaida, kuna ya ngano, na kuna tangawizi ya watoto ambayo bila psi 30 (psi ni kipimo cha presha) inabaki maji ya sukari tu. Nikipandishia tangawizi, bia inatoka povu glasi nzima. Nikishusha, watoto wanarudisha vikombe.

Ndio nikaagiza hizi za pili, zile ndogo za kufunga kwa laini kati ya regyuleta kubwa na kegi, kila moja na geji yake ya kusoma presha na nobu yake ya kuzungusha. Mtungi uliojaa huwa na kama psi 800 kwa joto la nyumba, ile kubwa inashusha hadi 35, halafu kila ndogo inashusha tena kulingana na kegi yake. Presha ya kubwa lazima izidi ya ile ndogo iliyowekwa juu zaidi, mimi naacha tofauti ya 5.

Kitu kimoja watu wa huku tunasahau ni mwinuko. Yale majedwali ya kukuambia uweke presha gani yamepigwa hesabu ya pwani, na Nakuru tuko kama mita 1,850, kwa hivyo unaongeza karibu psi 1 kwa kila mita 600. Ile 12 ya kwa jedwali, kwangu naiweka 15. Mtu wa Kisumu aongeze kama 2 hivi. Kabla nijue hii nilikuwa nalaumu hamira bure.

Sasa ubaya. Moja kati ya tatu ilikuja na shida, naiweka 15 jioni, asubuhi geji inasoma 21 na hakuna mtu ameigusa. Nilimpigia aliyeniuzia, akaniambia ni kawaida. Si kawaida! Niliifungua mezani na taa ya simu, nikapata uzi mweupe wa ile tepu ya mabomba umekwama pale kwa kiti cha valvu, yaani pale valvu inakalia ikifunga, mdogo kuliko punje ya wimbi, na gesi ilikuwa inapitia hapo polepole usiku kucha. Nikautoa na kibanio, nikafunga, tangu hiyo siku haijasonga. Kwa hivyo ukifika na yako pulizia paipu kwanza kabla ya kuunga, na upake maji ya sabuni kila kiungo, juu viungo vimekuwa vingi na kimoja kikivuja usiku mtungi wote unaisha.

Pia hakikisha zina valvu ya kuzuia gesi kurudi nyuma, ama ununue kando. Bila hiyo, presha ya ile kubwa ikishuka, kama mtungi ukiisha, tangawizi ya 30 inaweza kusukuma gesi, hata kinywaji chenyewe, kwa laini ya mwenzake.

Kwa mwenye kegi moja sioni haja. Kwa mwenye mbili za aina tofauti, nunua tu, na usinunue bila geji hata kama ni bei rahisi. Na ukitaka kushusha presha, kuzungusha nobu pekee haitoshi, gesi iliyo kwa kegi bado iko pale: legeza nobu, vuta ile pete ya juu ya kegi ipumue, ndio upandishe tena hadi pale unataka.