Amazing Fantasy namba 15, chapa mpya: nimeisoma, nasema hivi

Ukiitaka ile ya Agosti 1962, komiki aliyozaliwa Spider-Man, iliyouzwa senti 12, jiandae kuuza kiwanja. Nakala moja iliyotunzwa vizuri mno ilipigwa mnada mwaka 2021 ikafika dola milioni 3.6. Mimi nimenunua ya wachapishaji wenyewe, Marvel, wanayoiita Facsimile Edition, yaani komiki ileile imechapwa upya ukurasa kwa ukurasa, hadi matangazo ya wakati ule. Bei haifiki dola 5.

Hadithi ya kuzaliwa kwa Spider-Man nilikuwa nayo tayari kwenye kitabu kinene cha mkusanyiko, na mwenzangu akaniuliza nanunua nini tena. Kile kitabu kina kurasa 11 za Spider-Man, basi. Komiki yenyewe ilikuwa na hadithi nne, na zote kachora mtu mmoja, Steve Ditko. Kuna mpiga kengele mzee asiyetaka kuhama kisiwani volkano ikilipuka, kuna mhalifu anayejificha ndani ya jeneza la Kimisri, kuna watu wa Mirihi wanaoishi kati yetu. Ukizisoma kwa mfululizo, Peter Parker, yaani Spider-Man akiwa hana vazi lake, anaonekana ni wa ukoo huohuo: mabega yameinama, vidole vinasema kuliko mdomo, uso wa mtu anayehisi dunia nzima inamcheka. Ditko alikuwa fundi wa visa vya ajabu na vya kutisha, na huyu shujaa alimchora kwa mkono uleule. Kwenye mkusanyiko hilo hulioni.

Halafu lipo jalada. Mchoraji mwingine wa Marvel, Jack Kirby, ndiye aliyejaribiwa kwanza kumchora Spider-Man, lakini Stan Lee, mwandishi na mhariri, akaona kijana anatoka na misuli ya shujaa mno, kazi akampa Ditko. Ajabu ni kwamba jalada alilochora Ditko lilikataliwa, akaitwa Kirby achore jingine, na Ditko akalipitishia wino. Matokeo yake nje kuna jitu lenye kifua limembeba mtu kwapani, ukifungua ndani unakutana na kijana mwembamba mwenye miwani. Nimekaa na hiyo tofauti muda mrefu kuliko nilivyokaa na hadithi.

Kuna pia ukurasa wa mhariri unaoahidi kwamba Spider-Man ataendelea kutoka humuhumu. Masikini, toleo hilo ndilo lililokuwa la mwisho la Amazing Fantasy. Alirudi Machi 1963 kwenye jarida lake mwenyewe. Na mwanzoni mwa hadithi wametajwa Lee na Ditko tu. Stan Goldberg aliyepanga rangi na Artie Simek aliyeandika maneno kwa mkono hawapo, ndivyo mambo yalivyokuwa.

Kisichonifurahisha ni karatasi. Inang'aa, na rangi zimekolea kuliko zilivyoweza kukolea kwenye karatasi hafifu ya miaka ile, hivyo mistari myembamba ya Ditko inamezwa. Kurasa 24 za michoro yake halisi ya toleo hili ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Zilitolewa mwaka 2008 na mtu aliyekataa kutajwa jina. Natamani siku moja nizione kwa macho, wino mtupu bila rangi. Tena muuzaji wa mtandaoni aliniletea nakala yangu kwenye bahasha laini, ikafika kona imekunjwa. Mwambie muuzaji mapema aweke kadibodi.

Kama unakusanya ili uuze baadaye, achana nayo, haitapanda bei ya kukutoa jasho. Kama unafuata wachoraji, nunua, kisha tafuta komiki nyingine ya Marvel, Fantastic Four namba 1, ya mtindo huuhuu, ambayo ni Kirby jalada mpaka ndani. Yangu nimeshaagiza, safari hii kwa muuzaji mwingine.